Nilivyomfuata Bhoke hadi Nyansurura

Tangu nirudi Mwanza, kila anayeniona ananiuliza, "Ehe, ulimpata?" Nimeshajibu kwenye simu, nimejibu sokoni, nimejibu hata mlangoni mwa kanisa watu wakitoka. Kila mara nasimulia kipande tu, halafu mtu anaitwa, au mimi mwenyewe naona nimesimama sehemu moja muda mrefu mno, naondoka. Mnanijua. Kutulia kwangu ni kazi ya kusukumana. Basi leo nimejilazimisha kukaa, nimeandika yote, na atakayeuliza tena nitampa haya asome.

Kwa wasiojua nilifuata nini: nakusanya hadithi za waandishi wa Tarime na Serengeti, watu wanaoishi vijijini na kuandika wakishamaliza kazi, wengi wao kwenye simu, ili zitoke kitabu kimoja. Wote walisharidhia, akabaki mmoja, na huyo mmoja ndiye mwenye hadithi ambayo ukishaisoma huoni nyingine ya kuweka mbele yake. Anaitwa Bhoke. Anaishi Nyansurura, analima na kufuga. Sikuwahi kumwona. Hadithi yake alinitumia kwa simu kipande kwa kipande, inahusu binti aliyeolewa akiwa bado mdogo, bibi kizee anayeishi naye, na ng'ombe wao. Alipotuma kipande cha mwisho akaniandikia hivi: "Dada, naomba kitu kimoja. Itoke kwa jina langu, Bhoke Mwita. Kama haiwezekani, basi isitoke."

Nikamjibu itashindikanaje, jina si lako? Baada ya hapo simu yake ikazimika. Nikapiga, nikapiga, nikatuma ujumbe mpaka nikajiona kama mdai. Mwenye kiwanda cha uchapaji naye akawa ananikumbusha kwamba anatungoja. Kuitoa bila kauli yake sikuweza, kuiacha nje ya kitabu sikuweza vilevile. Nikaichapa hadithi kwenye karatasi, nikaiweka kwenye mkoba, nikaondoka.

Mwanza hadi Sirari, ambako sikuwa naenda

Nilikuwa naenda Tarime. Mtu asiyelala hata kitandani kwake, nikajiambia kwenye basi siwezi kupitiwa. Magu nikaiona, Bunda nikaiona, Mto Mara nikauona pale daraja la Kirumi na mafunjo yake, halafu sikuona kitu tena mpaka kondakta aliponigusa bega. "Mama, mwisho wa gari." Nikatazama nje, watu wanabadilisha hela kando ya barabara, na simu yangu inanikaribisha Kenya.

Nilijitukana hadi nikaishiwa. Gari dogo la kurudi Tarime lilikuwa halijajaa, dereva wake ameenda kula. Nikaingia kwenye kibanda cha chai. Mama mwenye kibanda, shati la mikono mirefu na aproni juu yake, alicheka bila kuficha.

"Sasa wewe ulikuwa unalala aje mpaka boda?"

"Nilichoka."

"Pole, madam. Kula chapo kwanza. Na hiyo makaratasi ni ya korti?"

Nikamwambia ni hadithi, imeandikwa na mama mmoja wa Nyansurura. Akafuta mikono kwenye aproni, akachukua kurasa bila kuomba, akaanza kusoma amesimama. Chai ya watu ikachemka ikamwagika jikoni. Mzee mmoja akadai andazi mara mbili, akaambiwa ajichukulie. Dereva akarudi, akapiga honi, nikasimama, mama akanyoosha mkono kunizuia bila kuinua macho. "Ngoja kiasi. Huyu mwanamke bado hajapewa chumvi."

Gari likaondoka bila mimi. Nilikasirika kweli, niseme tu ukweli, miguu ilikuwa inaniwasha kwa kutaka kwenda. Lakini alipomaliza alinirudishia karatasi zikiwa zimepangwa vizuri, akauliza, "Huyu ako hai?" Nikasema natumaini. "Basi kimbia," akasema, kana kwamba yeye siye aliyenichelewesha.

Tarime hadi Nyangoto

Tarime nilifika kumeshakuwa na baridi ile ya kule juu, nikalala, asubuhi nikatafuta gari la Nyangoto. Magari ya njia hiyo ni zile stesheni wagoni ndogo wanazoita michomoko. Dereva aliponiona akapaza sauti: "Wewe mama! Kaa hapa! Usiende popote!" Nikadhani nimekosea. Nikaanza kueleza kwamba nauli nitalipa, akakunja uso: "Nimesema kaa!" Nikakaa. Baada ya abiria wengine kuja ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa amenitunzia kiti cha mbele, tena alikuwa ananikataza nisihangaike juani. Wakurya wakikukaribisha, mgeni anaweza kufikiri anakamatwa. Mimi nilikotoka, Iringa, mtu atakuzungushia pole na samahani kumi kabla hajakuambia usogee.

Tulikaa hapo hadi mikungu ya ndizi ikaisha kushushwa kwenye lori la jirani. Nilishuka, nikapanda, nikashuka, na kila nikishuka dereva ananiamrisha nirudi. Tulipoondoka hatimaye, akasimama tena mbele kidogo penye jiko la nyama. Akaniletea finyango kwenye sinia pamoja na kibakuli cha mchuzi wa kijani. "Chovya. Kula." Nikachovya vizuri, kama mtu anayechovya pilipili. Ilikuwa nyongo. Kichuri wanakiita, na uchungu wake ulinifika hadi masikioni. Abiria wote walikuwa wamegeuka kunitazama, nikameza, nikachovya tena kwa ubishi, wakashangilia. Kufikia finyango ya tatu nilikuwa nakitaka mwenyewe.

Nyangoto nilikuwa na miadi na Masanja. Ni Msukuma wa Kahama aliyefuata dhahabu, anachimba kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, na ni mwandishi mwenye wasomaji wengi kuliko wote niliowakusanya. Riwaya yake inatoka sura moja moja kwenye kundi la simu. Nilimkuta nje ya chumba chake cha kupanga, vumbi la mawe nyusini, karasha zinasaga mawe nyuma ya nyumba kiasi kwamba ilibidi tuzungumze kwa kupiga kelele. Jirani zake wawili walikuwa wanabishania mpaka wa kiwanja, na yeye katikati ya makelele hayo alikuwa anaandika kwa kidole gumba.

"Subiri, dada. Namalizia."

"Si unaweza kumalizia baadaye?"

"Baadaye nashuka. Mimi sishuki duarani na sura nusu." Akasema hivyo bila kunitazama, kidole kinaenda. "Kuna jamaa yetu alishuka, udongo ukakaa, ukamfukia. Alikuwa amenisimulia habari ya harusi yake, hakuwa amefika mwisho. Mpaka leo sijui kama yule binti alimkubali. Inaniudhi sana."

Mimi niliyekuwa nasukumwa na haraka ya kiwanda nikaona haraka yangu ni ya kitoto. Alipotuma sura yake, simu ikaanza kulia papo hapo, wasomaji wanaitikia, naye akatabasamu kwa mara ya kwanza.

Nikamuuliza kuhusu Bhoke. Walikuwa kwenye kundi moja, walikuwa wanasomeana kazi.

"Bhoke alitoka kundini ghafla," alisema. "Kabla hajatoka aliniandikia maneno mawili tu. 'Mama amejua.' Nikamuuliza amejua nini, hakujibu."

"Mama yupi? Mama yake?"

"Dada, hilo kamuulize Mwalimu Hadija wa Kenyamonta. Ndiye aliyemfundisha."

Akavaa buti zake akaenda kushuka. Nilimwangalia mpaka alipopotelea kati ya vifusi vya mawe, na usiku huo nilijiunga na kundi lake ili niwe na uhakika kesho yake kwamba ameandika.

Nyangoto hadi Kenyamonta

Aliandika. Nikachukua bodaboda. Barabara ilikuwa inatengenezwa, na mahali fulani kijana mwenye bendera alitusimamisha kupisha greda, kisha greda lenyewe likasimama, dereva wake akashuka akalala chini yake kivulini. Nikamuuliza mwenye bendera tunasubiri nini. "Tunasubiri aamke," akajibu, na hakuwa anatania. Nikatembea mbele na nyuma pale barabarani mpaka mwendesha bodaboda akaniomba nikae, kwamba namtia kizunguzungu.

Tulivuka Mto Mara maji yakiwa ya rangi ya chai ya maziwa, tukaingia Serengeti, na Kenyamonta mvua ikatukuta mlangoni kabisa mwa nyumba za walimu.

Mwalimu Hadija ni mtu wa Lindi. Alipangiwa kazi huku akiwa msichana, akasema anakaa mwaka mmoja tu, na sasa wanafunzi wake wa kwanza wanamletea watoto wao awafundishe. Anaandika tenzi, zenye vina na mizani yote kama walivyomfundisha kwao, ila ndani ya tenzi zake mna ng'ombe, wizi wa ng'ombe, mahari ya ng'ombe. Alinipikia ugali wa muhogo na mtama na samaki wa kukausha aliyemtia nazi. Nazi hiyo huletewa kutoka Mwanza, na jirani zake wanaiogopa.

"Nikiwasomea hapa wananiambia, mwalimu, unaimba vizuri lakini ng'ombe humjui," alisema, akicheka. "Nikipeleka kwetu wananiambia, bibi, umekuwa Mkurya. Basi naandika tu."

Nilimwambia nataka kuendelea Nyansurura saa ileile. Alinionyesha mvua kwa kidevu. Nikasimama dirishani. Nikakaa. Nikasimama tena. Hatimaye akanipa ungo wa maharage nichambue, kama mtoto anayesumbua.

Juu ya ungo huo ndipo alipoanza kuzungumza. Bhoke alikuwa mwanafunzi wake bora. Insha zake mwalimu alizisoma mbele ya darasa mpaka wenzake wakachoka. Alifaulu, lakini kabla shule ya sekondari haijafunguliwa ng'ombe walikuwa wameshafika kwa baba yake, na Bhoke akaenda alikoolewa. Mwalimu alikwenda nyumbani kwao kuomba, akapewa kiti na maziwa, akasikilizwa kwa adabu zote, akarudi mikono mitupu.

"Kitu alichoondoka nacho kwangu ni kuandika tu," alisema. "Nilikuwa nampelekea vitabu, alipopata simu nikamwambia atumie hiyohiyo. Sasa ukifika kule, dada, usianze na Bhoke. Anza na mwenye nyumba. Ukianza na Bhoke umeharibu."

Nikasema nimeelewa. Nilikuwa sijaelewa chochote, ila mvua ilikuwa imeacha kidogo na akili yangu ilikuwa tayari nje.

Kenyamonta hadi Nyansurura

Njia ilikuwa utelezi mtupu. Tulianguka mara moja, taratibu, pikipiki ikilala ubavu kama ng'ombe aliyechoka, na mimi nikaangukia mkoba kuulinda badala ya kujilinda. Mwendesha pikipiki, kijana anayeitwa Chacha, alinisaidia kuinuka huku akifoka, "Mama, shika mimi, usishike makaratasi!" Kiwiko kinauma hadi sasa ninapoandika.

Niliposhushwa kwenye boma nilikuwa na tope mpaka kwenye nywele. Nyumba mbili za bati, moja ya nyasi, zizi, ua wa matawi ya miiba. Mwanamume mmoja alikuwa anarekebisha ua huo kwa panga. Nikakumbuka maneno ya mwalimu. Nikamwendea moja kwa moja, nikamsalimia kwa heshima, nikamwita shemeji, nikaanza kumweleza kwamba nimetoka Mwanza, kwamba mke wake ana kipaji, kwamba naomba ruhusa yake kama mwenye nyumba.

Yule bwana alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji. Akainamisha kichwa, akachukua panga lake, akaenda kuendelea na ua upande wa pili kabisa.

"Wewe mgeni! Unamwomba nani?"

Sauti ilitoka kwenye mlango wa nyumba ya nyasi. Alikuwa bibi mrefu, mwembamba, aliyejifunga kanga mbili, amesimama wima kuliko mimi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Huyo nimemwita aje anirekebishie ua wangu. Ukimwomba ruhusa yeye, mimi ni nani hapa?"

Hapo ndipo kichwa kilipofunguka, nikiwa nimesimama na matope yangu. Huku kuna ndoa inayoitwa nyumba ntobhu. Mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume hutoa ng'ombe, akaoa mwanamke mwenzake, na watoto watakaozaliwa wanakuwa wa nyumba yake, wanabeba jina la marehemu mume wake. Mwanamume anayezaa na huyo mke hana lake pale. Nilikuwa nimeisikia habari hiyo kama wengi wenu mlivyoisikia, lakini yule bibi wa kwenye hadithi ya Bhoke nilimsoma kama mama mkwe wa kawaida tu. Mwenye nyumba alikuwa yeye, Bibi Wankuru. Na mimi nimekuja nyumbani kwake nikaomba ruhusa kwa fundi wa ua.

"Kaa," alisema. "Si hapo, hapo kuna mbolea. Hapa."

Nikakaa. Bhoke akatoka na maziwa kwenye kibuyu. Mdogo kuliko nilivyodhani, uso mtulivu, watoto wawili wameshika sketi yake. Alinisalimia kama hanijui, lakini aliponipa kikombe macho yake yalikuwa kwenye mkoba wangu.

Nyansurura, uani kwa Bibi Wankuru

Bibi hakuzunguka. Alifungua pindo la kanga, akatoa simu.

"Hii unayoipigia ninayo mimi. Nimeizima. Jirani alinisomea yaliyomo, watu wamekaa wanasikia. Jina lililoandikwa pale ni Mwita. Mwita ni nani?"

"Ni baba yake Bhoke, bibi."

"Mwita alikula ng'ombe zangu. Zilitoka zizi hili, zikaingia kwake, akafurahi. Leo kitu kimezaliwa hapa, ndani ya nyumba ya mume wangu Marwa, kinaitwa cha Mwita? Anataka kula mara mbili?"

Nikajibu kama mtu wa mjini. Nikasema kisheria, aliyeandika ndiye mwenye kazi, na ndiye anayechagua jina.

"Sheria ya Mwanza?"

"Ya nchi nzima, bibi."

"Basi nchi nzima ije hapa ikamue."

Yule bwana wa ua alikohoa, nadhani alikuwa anacheka. Mimi nilikuwa nimechemka. Niliona wizi mtupu: huyu binti walimchukua shuleni, watoto wake wakapewa jina la nyumba, sasa hata maneno yake. Nikaanza kusimama, sijui niende wapi, na Bhoke akanishika mkono nikae.

"Mama," akamwambia bibi, kwa Kiswahili ili nami nisikie. "Watoto ni wa nyumba. Wote nimewaandikisha Marwa, sikubisha. Shamba nalima, ng'ombe nakamua, nikiitwa naitika. Hiki kimoja nilikitoa mwenyewe. Hiki kimoja naomba kiwe na jina nililokuja nalo."

Bibi alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia mimi, "Unayo hapo? Mpe. Anisomee."

"Ulishasomewa," Bhoke alisema.

"Na jirani. Wewe hujanisomea."

Basi akasoma. Alisoma amekaa kwenye kigoda, sauti ya chini, na mahali ambapo Kiswahili kilikuwa kirefu alirudia kwa Kikurya. Alisoma binti anavyofika kwenye boma na begi la shule kwa sababu ndilo begi pekee kwao. Alisoma kuhusu kukamua gizani, na ndama aliyekufa, na bibi anayelala karibu na mlango ili binti asitoroke. Bibi Wankuru alisikiliza huku akitoa punje za mahindi kwenye gunzi. Mara moja tu alikatiza. "Chumvi nilikupa. Ulisema sikukupa."

"Ulinipa siku ya pili, mama."

"Lakini nilikupa."

Mtoto mmoja akalala mapajani mwa bibi. Bhoke akafika mahali akaishusha karatasi. Mimi nilijua amefika wapi, nilikuwa nimepasoma mara nyingi.

"Soma."

Akasoma. Bibi wa kwenye hadithi anakufa majira ya palizi. Anazikwa, majirani wanakula maharage ya msiba na kuondoka kwa sababu magugu hayasubiri. Asubuhi inayofuata yule binti, ambaye sasa si binti tena, anafungua zizi, anawaswaga ng'ombe kwa jirani, anawashika watoto mkono na kwenda barabarani. Hageuki.

Bhoke akakunja karatasi. Bibi aliendelea na gunzi lake ingawa punje zilikuwa zimeisha.

"Hapo," alisema. "Hapo ndipo sikulala."

Kumbe si jina. Jina lilikuwa mahali pa kushika tu, kwa sababu hilo lingine lisingeshikika mbele ya majirani. Niliona aibu na sheria yangu ya nchi nzima.

"Nikifa, utaondoka?"

"Ni hadithi, mama."

"Nimekuuliza wewe."

Nilitamani kuinuka niende hata zizini. Sikuweza. Bhoke alikuwa anaitazama mikono yake, mikono mikubwa ya mtu wa jembe, na nilimwombea adanganye. Sentensi moja tu ya uongo, na wote tungekunywa maziwa.

"Sijui," alisema. "Niliandika ili nijue. Nilipofika mwisho, aliondoka."

Bibi aliweka gunzi chini. Akamlaza mtoto kwenye ngozi vizuri, akamfunika. Kisha akaichukua simu, akaiweka juu ya zile karatasi, kwenye magoti ya Bhoke.

"Weka hilo la baba yake," aliniambia. "Anayeondoka asitoke na jina la nyumba yangu."

Akaingia ndani.

Bhoke alipata alichokiomba, na alilia pale kwenye kigoda bila sauti, machozi yanadondoka kwenye kioo cha simu. Mimi niliyesafiri kote huko kupata kauli hiyo sikuona cha kushangilia. Yule bwana wa ua alikuwa ameshaondoka zake, kimya kimya.

Bhoke alinisindikiza hadi barabarani. Nikamwambia, kama anataka, mwisho tunaweza kuubadili, bibi akabaki hai, hakuna msomaji atakayejua. Alinitazama kama nimemtukana.

"Dada, ningeweza kuubadili, ningekuwa nimeshaubadili. Lakini usipeleke kiwandani mpaka nikupigie."

Mugumu na kurudi

Mugumu nililala nyumba ya wageni, nikala wali na nyama ngumu, nikakosa basi la kwanza kwa kusimama nje nikijaribu simu yake, ambayo ilikuwa inaita tu. Basi la pili liliharibika baada ya Nata. Abiria walishuka, wakatandika kanga, wakaanza kupiga soga na kugawana karanga. Mimi nilitembea kando ya barabara mpaka dereva akaniita kwa ukali nirudi, kwamba huku kuna wanyama. Nikarudi nikakaa, mama mmoja akanipa karanga, nikamsimulia yote. Aliniuliza tu, "Na wakati mnaondoka, bibi alikuwa amekula?" Sikujua. Nilijisikia vibaya kwamba sikujua.

Mwanza nilifika, mwenye kiwanda akapiga, nikamwambia bado. Akapiga tena, nikamwambia bado. Mlioniona siku hizo nikizunguka soko bila kununua kitu, sababu ndiyo hiyo. Usiku nilisoma sura za Masanja, nikapumua, nikarudi kutazama kama Bhoke amepiga.

Amepiga leo asubuhi.

"Dada, nimebadilisha."

Moyo ulinishuka, sikutegemea kwamba ungeshuka. "Umemfufua?"

"Hapana. Msiba. Futa maharage. Andika walichinja dume."

"Kwa nini dume?"

"Tangu ulipoondoka alikuwa hasemi na mimi. Jana jioni kaniita zizini. Kaniuliza, 'Hivi mimi ni mtu wa kuzikwa kwa maharage?' Nikamwambia basi chagua mwenyewe. Akawapitia wote, akawashika migongo. Kachagua yule mwekundu mwenye pembe moja imeinama. Pembe uiandike, amesisitiza."

Nikaandika pembe. Nikamuuliza jina.

"Mwita. Nilimuuliza tena, akasema yeye akishasema amesema."

"Na yule binti?" nilimuuliza. "Mwisho?"

Nilisikia ng'ombe, na mtoto anaita.

"Anaondoka vilevile. Nilimsomea tena jana, hapo hapo zizini, pamoja na dume lake. Nilipomaliza akasimama muda mrefu ameshika ile pembe. Halafu akaniambia nikafunge ndama, jua linazama."